Jinsi ya kujua uko wapi kwa fito, kivuli na saa, kama mwanafunzi wa Weems

Siku hizi simu ikizima chaji wengi wetu hatujui hata kaskazini iko upande gani, na mi naona hiyo ni hasara kubwa maana elimu ya kujua ulipo kwa kutumia jua unaweza kuipata kwa siku moja tu, unachohitaji ni fito, futi kamba, saa na moyo wa kukaa kwenye jua kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa nane na ushee mchana. Nitakuelekeza namna ya kufanya, ila itabidi nimtaje sana mtu mmoja, P. V. H. Weems, ofisa wa jeshi la maji la Marekani, kwa sababu yeye ndo alinifanya nielewe kwa nini kila kitu hapa kinafanywa hivi.

Weems alizaliwa mwaka 1889 huko Tennessee, akabaki yatima bado mdogo, akakulia shambani na ndugu zake, halafu akaingia chuo cha jeshi la maji pale Annapolis akamaliza 1912. Enzi zile kujua meli iko wapi kwa jua au nyota ilikuwa hesabu ndefu, unafungua jedwali hili unahamia lile, unajumlisha unatoa, ukikosea tarakimu moja unaanza upya. Kwenye meli mtu alivumilia kwa sababu meli inaenda taratibu. Ila ndege zilipoanza kuvuka bahari mambo yakabadilika, ndege inayokwenda maili 100 kwa saa, ukikaa dakika 15 unakokotoa basi ukiinua kichwa umeshasogea maili 25, jibu ulilopata ni la mahali ulipokuwa, siyo ulipo. Jamaa akaifanya hiyo ndo kazi ya maisha yake, kupunguza hesabu mpaka mtu aliyechoka, usiku, kwenye kelele za injini, aweze kupata jibu bila kukosea.

Na mwanafunzi wake maarufu ni Charles Lindbergh, yule rubani aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1927. Watu hawajui kwamba alivuka kwa dira, saa na makadirio ya mwendo tu, kupima nyota alikuwa hajui. Februari 1928 akawa anatoka Havana, Cuba, kwenda St. Louis, Marekani, usiku, dira zikamgomea njiani, kunakucha anajikuta yuko juu ya visiwa vya Bahamas, mbali kabisa na njia yake. Mwaka huohuo jeshi la maji likampa Weems kazi ya kumfundisha, wakakaa kama mwezi mmoja hivi. Mi hapo namheshimu sana Lindbergh, mtu dunia nzima inakushangilia halafu unakubali kukaa chini ufundishwe kuanzia mwanzo.

Haya sasa tuingie kazini, na tunaanza na saa kabla hata ya kugusa fito.

Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja, yaani digrii 1 kila dakika 4, na ukiendelea kugawa unakuta sekunde 4 ni sawa na maili 1 ya baharini pale kwenye ikweta. Saa yako ikikosea nusu dakika umeshapotea maili 7 na nusu. Saa za mkono za miaka ile mshale wa sekunde ulikuwa hauwezi kuurekebisha, unasogeza wa dakika na wa saa basi. Weems akaja na wazo ambalo mi nalipenda sana kwa urahisi wake: mshale uache uende zake, zungusha namba. Mduara wa ndani wenye namba za sekunde ukawa unazunguka, unasikiliza mlio wa saa kwenye redio, ukipiga unausogeza mduara mpaka 60 ikae sawa na mshale, umemaliza, hakuna kukumbuka kwamba saa yangu iko mbele sekunde 22 kwahiyo nitoe. Kampuni ya Longines ilizitengeneza hizo saa, na baadaye Lindbergh naye akaongezea wazo lake ili saa ionyeshe pembe ya jua moja kwa moja. Wewe tumia simu iliyoshika saa ya mtandao, au linganisha saa yako na redio asubuhi hiyohiyo. Usiseme iko sawa tu. Mi mara ya kwanza nilitumia saa ya ukutani nikiwa Dar, ilikuwa mbele dakika 2 sikujua, nikapiga hesabu zangu vizuri kabisa jibu likanipeleka karibu na Mlandizi, kilomita 55 hivi kutoka nilipokuwa nimesimama, na niliumia kwelikweli kwa sababu kila kitu kingine nilikifanya kwa uangalifu.

Sasa fito. Tafuta sehemu iliyo tambarare, sakafu ya saruji ni nzuri kuliko mchanga, pima kwa pimamaji kama unayo. Simamisha fito ya mita 1, na uinyooshe kwa timazi, hata uzi uliofungwa jiwe unatosha, angalia kutoka pande mbili maana inaweza kuonekana imenyooka huku kumbe imelala kule. Ukiangalia kivuli cha ncha utaona hakina mpaka mkali, kinafifia, huwezi kusema kinaishia hapa. Dawa yake chukua kipande cha boksi, toboa tundu dogo la kama milimita 5, kibandike juu ya fito kikiwa kimelala, utapata tone la mwanga katikati ya kivuli cha boksi, na katikati ya hilo tone ndo unapoweka alama. Hakikisha tundu liko juu ya kitako cha fito kabisa, na ile mita 1 ihesabiwe mpaka kwenye tundu. Jua lenyewe usilitazame kwa macho hata kidogo, unafanya kazi na kivuli tu.

Asubuhi kama saa nne na nusu hivi chora duara kwa kamba, kitako cha fito kikiwa katikati. Tone la mwanga litakuwa nje ya duara linaingia ndani polepole, likigusa mstari weka alama na uandike saa mpaka sekunde. Halafu kuanzia saa sita na robo weka alama kila baada ya dakika 2, unatafuta kivuli kifupi kuliko vyote, upime urefu wake. Mchana subiri tone lirudi kutoka ndani liguse duara tena upande wa pili, andika saa. Hiyo ya duara ina sababu yake, karibu na jua la katikati kivuli kinakaa muda mrefu bila kubadilika urefu, huwezi kujua dakika yenyewe hasa, ila zile nyakati mbili za tone kugusa duara ukichukua katikati yake unaipata safi.

Mfano, uko Dar tarehe 21 Juni. Kivuli kifupi kimekuja sentimita 58, kimeelekea kusini. 58 gawa kwa 100 ni 0.58, kwenye kalkuleta tafuta pembe ambayo tan yake ni hiyo, unapata digrii 30.1. Hiyo ndo umbali kati yako na mahali ambapo jua liko utosini saa hiyo. Siku hiyo jua liko utosini digrii 23.4 kaskazini ya ikweta, kwahiyo kutoka pale ukishuka 23.4 unafika ikweta, zinabaki 6.7, uko latitudo 6.7 kusini, yaani digrii 6.7 kusini ya ikweta. Dar yenyewe ni kama 6.8, umekosa kwa kilomita 11 hivi, kwa fito na boksi! Kwa mtu wa Mombasa siku hiyohiyo kivuli kinakuwa kama sentimita 52.

Longitudo sasa, yaani uko digrii ngapi mashariki au magharibi ya Greenwich kule Uingereza, ambako hesabu inaanzia. Tuseme asubuhi tone liligusa duara saa nne na dakika 40, mchana likagusa saa nane na dakika 9, katikati ni saa sita na dakika 24 na nusu. Saa ya Greenwich iko nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwahiyo kule ni saa tatu na dakika 24 na nusu asubuhi. Tarehe hiyo jua linachelewa kama dakika 1 na sekunde 45, yaani Greenwich linapita katikati saa sita, dakika 1 na sekunde 45. Tofauti ni dakika 157 na robo, gawa kwa 4, unapata 39.3 mashariki. Dar hiyo. Hilo cheleo la jua linabadilika kila siku, lipo kwenye almanaka, kile kitabu cha majedwali ya jua na nyota ya kila siku, pamoja na mahali jua lilipo utosini, na Weems ni mmoja wa waliosukuma sana almanaka za marubani ziandikwe kwa namna ambayo mtu anasoma namba anaitumia hapohapo.

Kwenye latitudo kosa la sentimita 1 tu kwa kivuli kama hicho ni karibu kilomita 48, ndo maana nasisitiza timazi na tundu la boksi. Na ukiwa Dar usijaribu mwanzoni mwa Machi wala karibu na tarehe 10 Oktoba, jua liko utosini kabisa kivuli kinaisha.

Weems alistaafu jeshi 1933, shule yake ya kufundisha watu kujua walipo, iliyokuwa Annapolis, ikaendelea, vita vya pili akarudi kuongoza misafara ya meli, na 1961 akiwa ameshavuka miaka 70 wakamwita tena aandae somo la kuongoza vyombo vya anga za juu. Alifariki 1979.

Ukishafanya Juni, alama zako kwenye saruji usizifute. Rudi hapohapo tarehe 21 Desemba, safari hii jua litakuwa limekupita kusini, kivuli kitaelekea kaskazini, kama sentimita 30, pembe yake kama 16.7, na sasa ni 23.4 toa 16.7.