Flashi moja kwa Windows, Mac na Linux

Flashi ya NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga faili) ukiipeleka kwa wachapishaji wa Nasser Road, Kampala, Mac itaisoma lakini haitaandika ndani yake. FAT32, mfumo mwingine wa faili, hukubalika kote, ila hukataa faili inayofikia GB 4, hata nafasi ikiwa tele.

Tumia exFAT, yaani ifomati (ipange upya) flashi kwa mfumo huo. Nakili data pembeni kwanza, kwani kufomati hufuta kila kitu. Linux yenye kerneli (kiini cha mfumo) 5.4 ya 2019 au mpya zaidi huitambua yenyewe. Usiichomoe ghafla: exFAT huharibika upesi uandishi ukikatizwa.

Majina ya faili ndiyo huponza wengi. Windows hukataa : ? * na |. Tena, Ripoti.pdf na ripoti.pdf ni faili mbili kwenye diski ya Linux. Zikihamia kwenye flashi ya exFAT, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo, moja inaweza kuifuta nyingine. Andika herufi ndogo, tarakimu na kistari tu.