Kazi kwa mtu mzima mwenye usonji: namna tunavyofanya Lamu

Mwongozo huu ni wa mzazi, ndugu au jirani. Nimeuandika baada ya kumsindikiza kijana wa mtaani kwetu Langoni mpaka akatulia kwenye kazi ya dobi katika nyumba ya wageni kule Shela.

Hatua ya 1: Kadi. Tathmini hufanywa hospitali ya serikali, halafu anasajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Akishapata kadi aombe na cheti cha msamaha wa kodi kutoka KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Shilingi 150,000 za kwanza za mshahara wa mwezi hazikatwi kodi ya mapato, na kwa mishahara ya huku hiyo ni yote.

Hatua ya 2: Chagua mahali kabla ya cheo. Nenda ukasimame hapo saa za kazi, usikilize. Watu humkimbiza kijana kwenye karakana ya milango kwa kuwa "ana mikono mizuri", na msumeno wa umeme unamtoa siku ya pili. Wengine kelele haziwasumbui kabisa, wanataka hata kukaa mapokezi. Muulize mwenyewe.

Hatua ya 3: Badala ya mahojiano, omba wiki ya majaribio yenye malipo. Kutazamana macho na mgeni na kujisifu hakuhusiani na kukunja mashuka.

Hatua ya 4: Orodha ya kazi. Hapa usiharakishe.

Mwajiri atakwambia kazi ni rahisi, ataelekezwa kwa mdomo. Kataa kwa adabu. Kaa na anayeifanya kazi hiyo sasa, andika kila anachogusa, kisha tafuta maneno yasiyo na mpaka. Kijana wetu aliambiwa, "Ukimaliza, nenda kale." Kikapu cha dobi hakiishi, kila saa huletwa kingine, basi akafua mpaka alasiri na njaa yake, na meneja akadhani amesusa chakula. Tukaandika: "Saa saba, acha ulipofika, nenda jikoni ule. Saa nane rudi." Vivyo hivyo "taulo mbili kila chumba" ilifaa mpaka ilipokuja familia ya watu watano. Sasa idadi ya wageni huandikwa ubaoni kila asubuhi, naye huhesabu taulo kwa hiyo.

Mimi ni mtu wa karatasi. Chapa herufi kubwa, ifunike kwa plastiki kwa sababu ya unyevu wa bahari, ibandike usawa wa macho yake. Sauti za WhatsApp sizitaki: agizo limezikwa katikati ya salamu, na kesho halipatikani. Karatasi iwe moja, na wa kuibadilisha awe mtu mmoja. Mpishi, meneja na mwenye nyumba wakiagiza kila mmoja lake, si mwenye usonji peke yake atakayechanganyikiwa, ila yeye ndiye atakayelaumiwa. Karatasi mpya ikibandikwa, ya zamani itolewe siku hiyohiyo.

Na mwishoni mwa karatasi weka mstari wa kupumzika: chumba gani, dakika ngapi, bila kuomba ruhusa. Kwetu ni stoo ya mashuka.

Hatua ya 5: Kalenda. Kazi nyingi hupotea ratiba inapogeuka ghafla. Ramadhani hubadilisha saa, Mfungo Sita mji hufurika watu wa Maulidi, na masika baadhi ya hoteli hufunga. Mwambie wiki mbili kabla, kwa maandishi, na tarehe ya kurudi ikiwa inajulikana. Siku za bamvua maji hula njia ya ufukweni kwenda Shela, kwa hiyo mkubaliane mapema: atapanda boti, na nauli ni ya nani.

Hatua ya 6: Piga simu kwa meneja kila Alhamisi mwezi wa kwanza. Usiulize "anaendeleaje?", utajibiwa "vizuri tu, bwana". Uliza ni mstari gani wa karatasi haukufanyika wiki hii.