Jinsi ya kuuchunguza uyoga mdogo unaoota kwenye majani yaliyooza

Huku Dodoma mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili hivi, na uyoga huu hujitokeza siku chache baada ya mvua ya kueleweka. Toka asubuhi na mapema, maana aina nyingine kofia zake ni nyembamba mno. Jua la saa nne linazikuta zimeshanyauka. Tafuta palipolundikwa majani yaliyofyekwa, kingo za mashamba ya uwele na mtama, au malisho ya Kongwa.

Kwanza, usiung'oe. Piga magoti, pitisha ncha ya kisu chini yake, uuinue pamoja na majani yake. Sasa fuata kikonyo hadi mwisho. Je, kimeshika jani lenyewe, udongo, au kipande cha mavi ya ng'ombe kilichojificha humo? Wengi hukosea hapa, kwa sababu uyoga wa mavi na wa majani hufanana sana kwa juu. Ukilipasua jani taratibu utaona nyuzi nyeupe za kuvu zimepenya ndani. Hizo ndizo zinazolila jani, uyoga ni tunda la kuvu hiyo tu.

Pili, chukua chapa ya spora, yaani vumbi la mbegu za uyoga linalodondoka kutoka chini ya kofia. Kata kikonyo, laza kofia kifudifudi kwenye karatasi, nusu nyeupe nusu nyeusi, dondoshea tone la maji juu, funika kwa glasi, acha usiku kucha. Rangi ya chapa hudokeza kundi la uyoga: nyeupe yaweza kuwa Marasmius; nyeusi, Panaeolus; rangi ya kutu, Conocybe. Na hapo nakusihi: usionje. Baadhi ya Conocybe zina amatoksini, sumu inayoharibu ini, kupika hakuiondoi, na dalili huweza kuchelewa kwa muda wa saa 6 hadi 12 au zaidi.

Tatu, ukishuku Marasmius, kausha mmoja kivulini kisha uloweke. Utajikunjua upya, kofia na kikonyo. Mtaalamu wa kuvu Msweden, Elias Fries, aliitegemea tabia hii kulitenga kundi hilo katika karne ya 19, nami bado naiamini kuliko rangi ya kofia, ambayo hubadilika kwa jua na unyevu.

Iliyobaki kausha, tia kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa nailoni, maana humo itaoza. Andika tarehe, mahali, aina ya jani na rangi ya chapa siku hiyohiyo.