Mpungate wa uani ni mboga: namna ya kuuvuna na kuuandaa bila kudhurika

Kufikia Septemba na Oktoba, mboga za majani zinaadimika Tabora. Bustani za mbugani zinataka maji ya kubeba kichwani, na kaya nyingi za Igunga na Nzega zinarudia mlenda uliokaushwa na nsansa, yaani majani ya mboga yaliyokaushwa. Wakati huohuo mpungate, ile kaktasi ya mabapa mapana, uliopandwa kuzunguka boma ili kuzuia mifugo bado ni wa kijani. Mabapa yake machanga yanaliwa, na matunda yake pia. Kule Meksiko, ulikotoka mmea huu, mabapa hayo huuzwa sokoni kama sisi tunavyouza bamia. Sioni sababu ya mama wa Nzega kuhangaika na mboga huku ameizungushia nyumba yake.

Ila kabla hujashika kisu, hakikisha unachokata ni mpungate kweli. Nyua zetu zina mnyaa na jamii zake, na baadhi zina miiba na shina nene linalofanana na la kaktasi. Toboa kidogo kwa ncha ya kisu, uso ukiwa mbali. Ukitoka utomvu mweupe kama maziwa, acha kabisa: utomvu huo ni sumu, unababua ngozi na ukiingia machoni unaweza kupofusha. Aliyerukiwa aoshwe macho papo hapo kwa maji mengi safi, kisha awahishwe kituo cha afya. Mpungate hautoi maziwa. Hutoa ute usio na rangi, kama wa mlenda. Tena miiba ya mpungate hukaa kwenye vidoa vilivyotawanyika juu ya bapa pana, si miwilimiwili kwenye kingo za shina. Usipokuwa na hakika, mwite afisa ugani auone mmea wenyewe.

Bapa la kula ni changa, lenye urefu wa kiganja hivi, la kijani cha kung'aa, na kisu kinapita bila kukwama. Litazame kwa karibu: kwenye kila kidoa kuna jani dogo lenye ncha, laini, ambalo hupukutika bapa linapokomaa. Majani hayo madogo yakiwapo, mboga bado ni laini. Machipukizi huwa mengi mvua zinapoanza, lakini hata kiangazi mpungate ukimwagiwa maji kidogo huchipua. Kata kwenye kiungo, usijeruhi bapa mama, na usimalize machipukizi yote ya shina moja.

Saa ya kuvuna ina maana yake. Mmea huu hufungua vinyweleo usiku, ukavuta hewa na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana ukaitumia. Ndiyo maana bapa la alfajiri ni chachu na la alasiri limepoa. Anayependa uchachu avune mapema. Wengine wasubiri saa nane au saa tisa.

Miiba mirefu si tatizo kubwa, kwa sababu unaiona. Kinachotesa watu ni vinyoya vidogo vilivyojaa kwenye vidoa, vyenye ndoano, ambavyo hata mpungate usio na miiba unavyo. Shika bapa kwa koleo, ligeuzegeuze juu ya mkaa au moto wa kuni mpaka vinyoya viungue na rangi ya kijani ififie. Kisha lilaze kwenye ubao, ulikwangue kwa kisu pande zote mbili, punguza ukingo wote, na uoshe kwa maji mengi. Vikikuingia mkononi usisugue wala usitumie meno. Bandika selotepu na uibandue, vilivyobaki ving'oe kwa kibano.

Katakata vipande vyembamba, chemsha na chumvi na kitunguu kwa dakika 10 hadi 15, mwaga maji, suuza. Asiyechukia mlenda anaweza kuubakiza ute. Kaanga na nyanya, malizia na karanga zilizotwangwa. Kwa ugali wa mtama ni mboga kamili.

Matunda yakiiva hubadilika rangi na kuachia shina ukiyasokota kidogo. Yachume kwa koleo, yapekechee ndani ya ndoo ya maji kwa fagio la chelewa, kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu na ulifungue. Mbegu ni ngumu. Mtoto akimeza nyingi anafunga choo, hivyo ni heri kukamua juisi na kuichuja. Anayetumia dawa za kisukari amuulize kwanza daktari, kwa kuwa mpungate unaweza kushusha sukari. Mwenye mawe ya figo naye ale kwa uangalifu.

Sasa ombi langu: tumieni mipungate iliyopo, msiipeleke malishoni wala kandokando ya misitu ya miombo. Kule Laikipia nchini Kenya, mpungate mwitu umevamia malisho, na mbuzi na ng'ombe wanaokula matunda yake wanapata vidonda vya mdomo na tumbo kwa sababu ya vile vinyoya. Ndege na nyani hubeba mbegu, na kipande cha bapa kikianguka ardhini kinaota mizizi. Mabaki ya jikoni yasitupwe jalalani: yatandaze juu ya mwamba au bati la zamani yakauke kabisa juani, ndipo uyachome.