Somo: Kufunga MiSTer nyumbani na kupanga gemu zake zidumu

Wanachama, habari zenu. Somo la leo linaanza na bodi tupu mpaka gemu icheze kwenye TV, kisha linaingia kwenye kupanga faili. Kufunga ni kazi ndogo kuliko mnavyodhani. Kupanga ndiko kwenye kazi, na ndiko nitakakokaa zaidi. Bodi ikiungua utaagiza nyingine. Lakini kaseti iliyoliwa na kutu kabla hujainakili, au sevu (rekodi ya hatua uliyofikia kwenye gemu) ambayo mwanao ameihangaikia likizo nzima, hakuna duka Tanga hii litakalokuuzia.

Kwa wageni: MiSTer ni mradi wa kuigiza mashine za gemu za zamani, alioanzisha Alexey Melnikov mwaka 2017 juu ya bodi ya DE10-Nano ya kampuni ya Terasic. Moyo wa bodi hiyo ni chipu ya FPGA. Chipu ya kawaida hutoka kiwandani saketi zake zimeshafungwa, haibadiliki tena. FPGA hupangwa upya kila unapoiwasha. Ukichagua Nintendo, faili ndogo tunayoiita kori inaipanga chipu iwe saketi za Nintendo yenyewe: prosesa, chipu ya picha na chipu ya sauti, zote zikifanya kazi kwa wakati mmoja. Ukichagua Mega Drive, inapangwa upya. Emuleta ya kwenye simu au kompyuta ni programu inayoigiza mashine, na inapita juu ya mfumo mzima wa simu au kompyuta hiyo kabla picha haijafika kwenye kioo. Tofauti utaisikia kidoleni: unabonyeza, mtu anaruka papo hapo.

Vifaa

Bodi ya DE10-Nano, au mojawapo ya zile za bei nafuu zinazofuata ramani yake ambazo zimeanza kutoka miaka ya karibuni. Kadi ya SDRAM, yaani kumbukumbu ya kazi inayochomekwa juu ya bodi. Chukua ya 128MB usije kurudi dukani, maana gemu kubwa za mashine ya Neo Geo zinaitaka. Habu ya USB, kadi ya kumbukumbu aina ya microSD ya kampuni inayoaminika, kipoza joto na feni ndogo ya volti 5. Pedi yoyote ya USB itakufaa kuanzia.

Adapta naomba muisome kwa makini. Bodi hii inakula volti 5 tu, na ukishaweka habu, feni na pedi mbili, tafuta adapta ya ampea 3 au 4. Tatizo ni kwamba pini yake ya duara inalingana na ya adapta nyingi za ving'amuzi zilizozagaa majumbani, na hizo nyingi ni za volti 12. Inaingia vizuri kabisa, haikwami. Ukiwasha, bodi imekwenda. Kabla hujachomeka, geuza adapta usome palipoandikwa OUTPUT, kisha funga utepe mwekundu kwenye waya wa ile ya volti 5 ili hata mdogo wako aijue.

Jambo la pili ni hewa yetu. Wa Raskazone na Chumbageni mnajua upepo wa bahari unavyofanya bawaba za milango. Chumvi yake inaweza kula pini za SDRAM na tundu la kadi vilevile. Tumia boksi lenye matundu upande wa feni tu, usiiweke dirishani, na usipocheza kwa muda mrefu ihifadhi kwenye kontena la plastiki lenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya.

Kufunga

Chomeka SDRAM umeme ukiwa umezimwa. Hakikisha pini zimekaa sawasawa, hakuna safu iliyoruka, ndipo ukandamize kwa vidole viwili pande zote kwa pamoja. Usisukume upande mmoja.

Kwenye kompyuta, pakua faili la Mr. Fusion, ndilo linaloweka mfumo wa MiSTer, na uliandike kwenye kadi ya microSD kwa kutumia programu ya balenaEtcher. Ingiza kadi kwenye bodi, washa, kisha subiri. Mara ya kwanza Mr. Fusion huigawa kadi upya na kuweka mfumo mzima, na wakati huo usiguse kitu. Menyu ikitokea, umemaliza.

Kabla ya gemu yoyote, fungua kori ya MemTest, inayopima SDRAM, iache izunguke wakati unakunywa chai. Namba ya makosa ikibaki sifuri, kumbukumbu ni nzima. Ikipanda, zima umeme, ichomoe SDRAM, safisha pini kwa spiriti ya isopropili, irudishe ujaribu tena.

Kupata kori nyingine kunahitaji intaneti. Kwa waya wa ruta ni kuchomeka tu. Kwa hotspoti ya simu utahitaji kidude cha Wi-Fi cha USB, kisha ufungue folda ya Scripts na kuendesha skripti ya wifi. Baada ya hapo weka skripti ya update_all, ndiyo itakayokuletea kori zote na marekebisho yake. Wenye bando dogo: mara ya kwanza inashusha vitu vingi. Ingia kwenye mipangilio yake kabla haijaanza, uzime upakuaji wa gemu za akedi (zile mashine kubwa za vibandani) na kori za mashine usizozihitaji.

Kupanga

Ukiifungua kadi kwenye kompyuta utaona folda za _Console, _Computer na _Arcade. Hizo ni za kori, ziache kama zilivyo. Gemu zinakaa ndani ya games, kila mashine na folda yake: games/NES ya Nintendo, games/SNES ya Super Nintendo, games/PSX ya PlayStation. Sevu zinakaa ndani ya saves, mipangilio ndani ya config.

Kanuni ya kwanza: panga majina kabla hujaanza kucheza. MiSTer huipa sevu jina lilelile la faili la gemu. Leo ukicheza faili linaloitwa gemu1, mwezi ujao ukaamua kulipa jina zuri, mashine itatafuta sevu yenye jina jipya na haitaiona. Mchezaji ataambiwa aanze upya. Ikibidi ubadilishe, badilisha na jina la sevu siku hiyohiyo.

Kanuni ya pili: tenganisha mfumo na gemu. MiSTer huangalia kwanza diski ya USB kama ina folda ya games, ndipo inakuja kwenye kadi. Kwa hiyo weka gemu zote kwenye diski ya nje, kadi ibaki na mfumo na sevu. Kadi ikifa unaandika nyingine kwa Mr. Fusion, na gemu ziko salama.

Kanuni ya tatu ndiyo ninayoipenda. Folda yoyote unayoiweka mwanzo wa kadi, ikiwa jina lake linaanza na mstari wa chini, inatokea kwenye menyu kuu. Tengeneza _Watoto, _Wawili na _Wazee. Ndani yake weka faili za MGL, yaani maandishi mafupi yanayoiambia mashine ifungue kori fulani na gemu fulani moja kwa moja. Bibi akitaka kucheza karata au mtoto wa darasa la pili akitaka mbio za magari, hakuna haja ya kujua kori ni nini. Watu wengi wanajaza maelfu ya gemu halafu hakuna hata moja inayochezwa, kwa sababu kuchagua kunachosha. Gemu chache zenye mpango zinachezwa kila siku.

Gemu za PlayStation kila moja iwe na folda yake, na yenye CD zaidi ya moja ziweke CD zake zote folda moja ili zitumie memori kadi moja. Zigeuze kuwa CHD, aina ya faili inayobana CD; utaokoa nafasi, na badala ya rundo la faili za bin na cue unabaki na faili moja kwa kila CD. Kori hii pia inataka BIOS ya mashine, yaani programu ya kuiamsha, iitwe boot.rom, ikae ndani ya games/PSX.

Gemu na BIOS zina wenyewe kisheria. Mimi nafundisha kunakili kaseti na CD ulizonazo. Kuna kifaa kizuri cha kusoma kaseti kinachojengwa juu ya Arduino Mega, ramani yake iko wazi kwa kila mtu, na fundi anayejua kulehemu kwa risasi anaweza kukijenga. Kaseti zetu nyingi ni za pini 60, kama za Famicom (Nintendo ya Japani) ya mwaka 1983, si za pini 72 za NES (Nintendo ya Marekani). Agiza soketi ya pini 60.

Picha na mwendo

Kwa TV bapa, fungua faili la mipangilio la MiSTer.ini uweke video_mode=8 kwa picha ya 1080p, na vsync_adjust=2 kupunguza uchelewaji. TV ikigoma kuonyesha, rudisha vsync_adjust iwe 1, ikikataa tena weka 0.

Halafu kuna jambo linalowachanganya wengi. Unafungua gemu uliyokua nayo, unaona inakwenda mbio na muziki unakimbia. Mashine haijakosea. Nintendo ya Japani na Marekani huchora picha 60 kwa sekunde. TV zetu ni za mfumo wa PAL, picha 50, na mashine nyingi za kuiga zilizotengenezwa kwa ajili ya TV za PAL zilikuwa za aina inayoitwa Dendy: picha 50, lakini prosesa karibu na kasi ya Japani, megahezi 1.77 badala ya 1.79. Ndiyo maana sauti ilibaki kwenye ufunguo karibu uleule huku wimbo ukienda taratibu. Ingia kwenye menyu ya kori ya NES, System Type, chagua Dendy. Utaisikia gemu kama ilivyokuwa sebuleni kwenu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Makorora: Shikamoo fundi. Umeme huku unakatika bila taarifa. Nilikuwa nimefika mbali, uliporudi sevu hakuna. Kadi imekufa?

Marahaba kijana wangu. Kadi huenda ni nzima. Kori nyingi haziandiki sevu kwenye kadi papo hapo. Zinaandika pale unapofungua menyu, ikiwa Autosave imewashwa. Kwa hiyo kila ukisevu ndani ya gemu, bonyeza kitufe cha menyu mara moja, subiri kidogo, endelea. Pia nunua UPS ndogo za ruta zenye tundu la volti 5. Zile zina tundu la 9 na la 12 pembeni, zibe kwa utepe. Na kila Jumapili nakili folda ya saves kwenye flashi.

Mwanachama, Pongwe: Fundi, nina TV ya chogo bado nzima. Naweza kuitumia?

Usiitupe hata kidogo, gemu hizi zilichorwa kwa ajili ya kioo hicho. Utahitaji bodi ya nyongeza yenye tundu la VGA pamoja na adapta ya kutoa ile waya ya njano. Kwenye MiSTer.ini weka vga_mode=cvbs. Picha ikija bila rangi, jaribu ntsc_mode=1, hiyo ni PAL60, yaani rangi za PAL kwa picha 60.

Mwanachama, Ngamiani: Nina kaseti ya gemu 999999 kwa moja. Nimeinakili, inaleta kioo cheusi.

Hizo ni ngumu, dada yangu. Ukiifungua utakuta tone jeusi la gundi limefunika chipu, na kila kiwanda kilibuni njia yake ya kuhama kutoka gemu moja kwenda nyingine. Njia hiyo tunaiita mapa. Faili la gemu ya NES huanza na baiti 16 zinazoiambia kori ni mapa namba ngapi. Namba ikikosewa, gemu haiwaki. Jaribu kunakili tena ukichagua mapa nyingine kwenye kifaa. Ikishindikana, weka picha za pande zote mbili za bodi ya ndani hapa tuitambue kwa pamoja. Usisugue tone, na usiitupe kaseti.

Mwanachama, Mkwakwani: Inacheza PlayStation 2? Nataka kufungua kibanda cha gemu.

Haichezi. Chipu hii inaishia PlayStation ya kwanza, Saturn na Nintendo 64, na hapo imeshajaa. Kuhusu kibanda, kutoza watu pesa kwa gemu zisizo zako ni jambo jingine, si sawa na kucheza nyumbani. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA wanaosimamia hakimiliki wapo. Kama nia yako ni biashara, anza na gemu ambazo watengenezaji wake wa leo wanatoa ruhusa. Zipo nzuri za NES na Mega Drive zinazoendelea kutengenezwa.

Mwanachama, Chumbageni: Watoto watatu wanagombania sevu moja. Nifanyeje bila kununua mashine ya pili?

Nakili faili la gemu mara tatu, kila nakala ipe jina la mtoto mwishoni. Kwa kuwa sevu inafuata jina la faili, kila mmoja atakuwa na yake. Kisha watengenezee MGL tatu ndani ya _Watoto, kila moja na jina la mwenyewe, akibonyeza anaingia kwake. Kwa gemu za kaseti nafasi inayotumika ni ndogo mno. Kwa zile za CD usifanye hivyo, diski itajaa. Memori kadi ya PlayStation ina bloku 15, wagawie tano tano.