Kabla ya kifuku: mambo ya kuzingatia huku kwetu nyanda za juu

Bibi yangu wa Uyole alikuwa na jibu moja kwa kila mgeni aliyeuliza chandarua kiko wapi: "Huku mbu hawawezi, baridi inawamaliza." Chandarua kilichopatikana kliniki kilikunjwa kikangoja safari ya Kyela, kule chini kwenye joto na mbu, kuwa zawadi. Kwa miaka yake bibi hakukosea. Ila nyumba nyingi za Mbeya, Iringa na Njombe bado zinaendeshwa kwa jibu lile lile, na baridi yenyewe si ile aliyoijua yeye.

Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na kule Rungwe na Kyela hugusa hata Mei. Kwa hiyo karibu kila ninachokieleza hapa ni kazi ya Septemba na Oktoba, vumbi likiwa bado jekundu barabarani na fundi bado anapatikana. Utabiri wa msimu hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla mvua hazijaanza. Usikilize wa mkoa wako, maana mvua ya Tukuyu yenye mvua nyingi na mvua ya Pawaga, bonde kavu la Iringa, ni vitu viwili tofauti kabisa.

Nianze na homa, kwa sababu hapo ndipo tunapojidanganya zaidi. Mbu akimnyonya mgonjwa wa malaria hawezi kumwambukiza mwingine jioni ile ile. Vimelea lazima kwanza vikomae ndani ya mwili wake. Kwenye joto la nyuzi 25 huchukua kama siku 12. Kwenye nyuzi 20 hupita siku 20 na zaidi, na mbu wengi hufa kabla hawajafikia hapo. Kwenye nyuzi 16 hivi kazi husimama. Hiyo ndiyo ngome aliyoisema bibi, na utaona jinsi ilivyo nyembamba. Kyela, chini kule kwenye mita 500 hivi, nyuzi moja ikiongezeka haibadilishi mengi, malaria ilikuwapo na ipo. Mbeya mjini, kwenye mita 1,700, nyuzi moja au mbili ndizo zinazoamua kama mbu ataishi muda wa kutosha kuambukiza au hataishi.

Kuna jambo la pili. Mtu mzima aliyekulia Kyela ameumwa malaria mara nyingi utotoni, mwili wake unaijua kidogo. Sisi wa juu hatuna kinga hiyo. Tukiipata inatuangusha kama mtoto mdogo. Na wengi wetu bado tunaipatia safarini: Kyela, Usangu, Pawaga, Kilombero, tukienda kulima mpunga au kuzika.

Mtoto wa mama yangu mdogo alishuka Kyela kumsaidia shemeji kuvuna mpunga. Akarudi na nusu gunia la mchele na furaha zake. Wiki mbili baadaye homa, kichwa, viungo. Kwenye duka la dawa karibu na nyumbani wakamwambia ni taifodi, wakampa vidonge vya siku saba. Hakuna aliyemtoboa kidole. Siku ya nne alikuwa amekaa kitandani, jasho linamtiririka, anamwita mke wangu kwa jina la mwalimu wake wa darasa la pili. Tulimkimbiza na bajaji. Kipimo kile cha haraka hakikumaliza dakika 20, mstari wa pili, ule wa malaria, ukatokea, tena mwekundu haswa. Alipona, lakini alilazwa wiki nzima.

Basi hili mlikubaliane nyumbani kabla ya mvua: homa yoyote, kipimo siku hiyo hiyo, na mgonjwa aseme alikotoka. Ikionekana ni malaria, dawa mseto imezwe mpaka iishe hata kama nafuu imekuja siku ya pili. Kipimo kikikataa, usinunue dawa ya malaria "kwa tahadhari". Rudi kwa daktari atafute kinachokusumbua. Chandarua nacho kishushwe kabatini. Kitandaze kivulini siku moja kabla ya kukitumia, ushone matundu (linalopitisha kidole gumba linapitisha mbu na wajukuu zake), na siku ya kukifua tumia sabuni ya kawaida, usitie jiki, usianike juani. Jua linaila ile dawa.

Maji. Mvua kubwa ya kwanza husafisha kila kilichokaa juu ya ardhi tangu Mei na kukipeleka mtoni, kwenye chemchemi, kwenye kisima kifupi. Kuhara huanza hapo, na kipindupindu kikiingia hakina simile: mtu anaweza kuharisha maji meupe kama ya kuoshea mchele asubuhi, na jioni akawa hana nguvu ya kunyanyua kikombe. Choo kitazamwe kabla. Shimo lililokaribia kujaa lihamishwe wakati ardhi ni kavu, na liwe angalau mita 30 kutoka kisimani, upande wa chini na si wa juu. Kyela maji ya ardhini yako karibu mno, kwa hiyo wenye uwezo wajenge choo kilichoinuliwa juu ya tuta. Kibuyu chirizi cha kunawia mikono mlangoni pa choo ni dumu la lita tano, kamba na kijiti. Watoto wanakitengeneza wenyewe, sema sabuni ndiyo huibwa.

Kuhusu kuchemsha kuna jambo nyumba nyingi hazijui. Juu huku maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Mbeya mjini ni kama 94. Ndiyo sababu mgeni wa pwani hulalamika kwamba maharage yetu hayaivi. Kwa maji ya kunywa hilo si tatizo, ila yaache yatokote kwa mapovu makubwa dakika moja nzima. Kwa walio juu ya mita 2,000, kama Kitulo na sehemu nyingi za Makete, hesabu dakika tatu. Kuni zikilowa katikati ya Februari hakuna atakayehesabu hata moja, kwa hiyo zikusanywe sasa na zipate paa, na vidonge vya kutibu maji vikae ndani kama akiba. Maji yenye tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi. Dawa ikikuta tope hupotezea nguvu hapo. Anayevuna maji ya bati aache mvua za kwanza zimwagike, zina kinyesi cha ndege na vumbi la miezi sita.

Weka nyumbani pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumnywesha anayeharisha. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vya kusawazisha, si vya mlima. Mtoto apewe kidogo kidogo wakati safari ya zahanati inapangwa, si badala ya safari.

Nikisema mlima, nakumbuka Aprili 2024, sehemu ya mlima Kawetele ilipoporomoka Itezi, hapo Mbeya mjini, tope likafukia nyumba za watu. Wanaoishi chini ya miteremko wazunguke nyumba zao Oktoba na tena kila baada ya mvua ya siku mbili tatu mfululizo. Ufa mpya ardhini, mti au nguzo iliyoanza kuegemea, mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama, chemchemi iliyogeuka tope ghafla: ukiona hayo usingoje kikao cha mtaa, lala kwa ndugu usiku huo. Muafikiane mapema ni ndugu yupi. Kwa walio kando ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo, swali ni kiinuko kipi na kwa njia ipi, tena njia isiyovuka maji. Kina mama wengi wa kule wana akili ya kuning'iniza cheti cha kliniki, vyeti vya kuzaliwa na kadi ya bima kwenye kenchi ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa mara mbili. Iga hiyo.

Barabara zikikatika, anayeumia kwanza ni mwenye dawa za kila siku. Presha, kisukari, kifafa, pumu. Na tuseme wazi, ARV, dawa za kufubaza VVU: utafiti wa kitaifa wa 2022/23 uliweka Njombe kwenye asilimia 12.7 ya maambukizi ya VVU kwa watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, mikoa mitatu ya juu kabisa nchini. Karibu kila ukoo una mtu anayesafiri kufuata vidonge vyake. Aende Oktoba, amweleze mhudumu kwamba njia yake hufungwa na mvua, aombe dozi ya miezi kadhaa. Kwa mgonjwa aliyetulia hilo linawezekana. Mjamzito atakayejifungua kati ya Januari na Aprili asogee kwa ndugu aliye karibu na kituo cha afya wiki chache kabla. Bodaboda hodari kuliko wote hawezi kuvuka mto uliojaa.

Mahindi ni afya pia, ingawa tunayahesabu kama pesa. Mvua zinazochelewa kukata hukuta masuke shambani, na punje iliyohifadhiwa mbichi hufuga sumukuvu, ambayo haiondoki kwa kupika ugali muda mrefu. Chukua chupa kavu ya kioo, tia punje kidogo na chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo.

Na lile jiko. Mvua ikipiga siku tatu watu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Gesi yake haina harufu, na inaua. Jiko lilale nje, hata kama mama mkwe ananuna kwa baridi, mwongezee blanketi.

Mwisho, andika namba kwa chaki nyuma ya mlango, mahali mtoto anapofikia: 114 ya Zimamoto na Uokoaji, 199 ya Wizara ya Afya isiyo na malipo, ya mhudumu wa afya wa mtaa wako, na ya dereva mwenye gari linalopita kwenye tope. Huyo wa mwisho mpigie sasa hivi, uone kama namba bado ni yake.