Kupanda mlima usiku na rafiki kuliwahi jua

Mara ya kwanza mimi na mwenzangu hatukuchelewa, tuliwahi mno. Tulipanda kwa pupa, tukafika kileleni tumelowa jasho, na jua bado saa moja na nusu lichomoze. Lilipochomoza tulikuwa tumejikunyata nyuma ya jiwe, meno yanagongana. Siku hizi naanza na hesabu.

Hatua ya 1: Piga hesabu kinyumenyume. Tumia kanuni ya mpanda milima Naismith ya mwaka 1892: saa 1 kwa kila kilomita 5, na saa 1 zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Njia ya kilomita 5 yenye mwinuko wa mita 600 ni saa 2. Kwa kuwa ni giza na mtapumzika, ongeza nusu yake: saa 3. Jua likichomoza saa 12:30 asubuhi, fikeni saa 12:00. Basi mnaondoka saa 9:00 usiku, si kabla.

Hatua ya 2: Pitieni njia mchana kwanza, hasa njiapanda zake. Mwacheni mtu chini anayejua mmepita wapi na mnarudi saa ngapi.

Hatua ya 3: Anzeni mkihisi baridi kidogo. Dakika kumi za kupanda zitawapasha. Fulana ya pamba hushika jasho, iacheni nyumbani. Koti na shati kavu vikae ndani ya mfuko wa plastiki.

Hatua ya 4: Mwenye mwendo wa polepole atangulie. Akishindwa kusema sentensi nzima bila kuhema, punguzeni. Halafu kuna hili la tochi ya kichwani: unageuka kumuuliza mwenzio "Upo?", mwanga unampiga machoni, na anayekanyaga mawe gizani sasa ni kipofu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza tena. Inamisha tochi kwanza, ndipo ugeuke.

Hatua ya 5: Mkifika, badilini shati kabla ya kukaa. Kisha, kabla jua halijatoka, lipeni mgongo. Mbingu ikiwa safi mtaona upande wa magharibi utepe wa buluu iliyofifia, na juu yake rangi ya waridi. Buluu ile ni kivuli cha dunia yenyewe, kinazama kadiri jua linavyokaribia. Wengi hukikosa, wamekodolea macho mashariki.

Hatua ya 6: Shukeni kwa hatua fupi, magoti yakunjwe kidogo. Na kabla ya kuondoka kagueni pale mlipokaa. Tochi yangu ya kwanza nadhani bado iko juu ya lile jiwe.